Kila jioni mizani: Hivi ndivyo watumwa walivyoishi katika mashamba ya pamba Marekani

HEBU fikiria gunia moja la mahindi. Lile la kilo 90, ambalo ukishushiwa stejini utatafuta mtu wa mkokoteni kabla hujawaza kulibeba mwenyewe. Sasa mwaga mahindi yote na ulijaze pamba. Si pamba ya kununua dukani, la! Ni pamba unayoichuma wewe mwenyewe shambani, tumba moja baada ya jingine, kwa vidole vyako, jua likiwa utosini.

Uzichume kilo 90 leo. Kesho uzichume tena. Kesho kutwa vivyo hivyo, hadi miezi minne au mitano ipite. Na kila jioni kuna mtu anayekungoja na mizani, mjeledi ukiwa karibu yake.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha ya watumwa katika mashamba ya pamba ya kusini mwa Marekani, hasa kati ya mwaka wa 1800 na 1865. Ratili 200, ambazo ni kama kilo 90, ndicho kilichokuwa kipimo cha kawaida cha siku moja. Hayo si maneno ya kubahatisha. Yaliandikwa na mtu aliyebeba kikapu hicho mwenyewe, Solomon Northup.

Huenda jina hilo hulifahamu, lakini filamu yake unaifahamu. "12 Years a Slave" ilitoka mwaka wa 2013, na mwaka uliofuata Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o akatwaa tuzo ya Oscar kwa kuigiza kama Patsey, msichana mtumwa. Wengi wetu tulishangilia tuzo, tukapiga vigelegele, tukasahau kuuliza: huyo Patsey alikuwa nani? Alikula nini? Alilala wapi? Kwa nini alichapwa vile?

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi leo tuwasikilize waliokuwa ndani ya kaburi hilo wakatoka wakasimulia.

Mashine moja, minyororo mamilioni

Kwanza, ilikuwaje hata pamba ikahitaji watumwa wengi hivyo?

Pamba ikichumwa huwa na mbegu zilizoshikamana na nyuzi. Zamani kuzitenganisha kwa mkono ilikuwa kazi ya kutwa nzima, na mtu angemaliza ratili moja tu hivi. Mwaka wa 1793 Mmarekani Eli Whitney akaunda mashine ya kuchambua pamba iliyofanya kazi hiyo haraka mno.

Ungetarajia kwamba mashine ingewapunguzia watu kazi, sivyo? Lakini wapi! Mashine ilichambua, haikuchuma. Kwa vile sasa kuchambua kulikuwa rahisi, wenye mashamba walitaka pamba nyingi zaidi, na pamba nyingi zaidi ilihitaji mikono mingi zaidi. Viwanda vya nguo vya Uingereza navyo vilikuwa na njaa isiyoshiba.

Angalia hesabu hii. Mwaka wa 1790 Marekani ilikuwa na watumwa wapatao 700,000. Kufikia 1860 walikuwa karibu milioni 4. Na kumbuka kuwa kuanzia 1808 sheria ya Marekani ilikataza kuingiza watumwa kutoka nje. Kwa hivyo wengi wa hao milioni 4 walizaliwa huko huko, utumwani, na mama zao wakiwa watumwa.

Pamba ilizidi kusonga magharibi, kuelekea Alabama, Mississippi, Louisiana na Texas. Watu walisongeshwa nayo. Inakadiriwa kuwa watu milioni moja hivi walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya zamani kama Virginia na Maryland hadi kwenye mashamba mapya. Wengine walipelekwa kwa meli, wengine kwa miguu, wakiwa wamefungwa pamoja.

Charles Ball alikuwa mmoja wao. Aliuzwa Maryland bila hata kupewa nafasi ya kumuaga mkewe na wanawe. Katika kitabu chake cha 1837 anaeleza jinsi msafara wao wa watu 51, wanaume 32 na wanawake 19, ulivyotembezwa hadi South Carolina. Wanaume walikuwa na pingu na minyororo ya shingoni. Wanawake walifungwa kamba.

Northup yeye alikuwa mtu huru kabisa. Alizaliwa huru jimbo la New York, akaoa, akapata watoto, akajulikana kwa kupiga fidla. Mwaka wa 1841 matapeli wawili walimdanganya kwamba kuna kazi ya muziki. Wakampeleka Washington, na alipozinduka alikuwa ndani ya minyororo. Aliuzwa New Orleans na kuishia katika mashamba ya Louisiana kwa miaka 12. Ndiyo, hata karatasi za uhuru hazikuwa kinga mbele ya tamaa ya pamba.

Honi kabla ya mapambazuko

Siku ilianza saa moja hivi kabla ya alfajiri. Honi inalia, watu wanaamka gizani, wanawasha moto, wanajaza maji kwenye vibuyu, wanabeba chakula cha mchana na kukimbia shambani. Mtu akikutwa kibandani baada ya kupambazuka, alichapwa.

Kila mchumaji alipewa mfuko wenye mkanda wa kuning'iniza shingoni. Mdomo wa mfuko ulikaa kifuani na kitako chake kikakaribia kugusa ardhi. Mfuko ukijaa, unamiminwa kwenye kikapu kikubwa mwishoni mwa mstari, kisha unaanza upya.

Kazi yenyewe ukiitazama kwa mbali utaiona nyepesi. Pamba si mawe, au vipi? Lakini tumba la pamba likipasuka, maganda yake hukauka na kuwa na ncha zinazochoma vidole. Mmea wenyewe huwa mrefu hapa, mfupi pale, kwa hivyo unainama, unanyooka, unainama tena, kutwa. Isitoshe, matumba hayapasuki siku moja. Shamba lile lile hurudiwa tena na tena, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Desemba au Januari.

Mchana walipewa dakika 10 au 15 za kumeza chakula baridi. Kisha kazi hadi giza liwazuie kuona. Mwezi ukiwa mpevu, anasema Northup, mara nyingi walichuma hadi usiku wa manane.

Na usidhani nje ya msimu wa kuchuma kulikuwa na mapumziko. Machi na Aprili ni kulima na kupanda. Baada ya hapo ni kupunguza miche na kupalilia kwa jembe, mistari kwa mistari, watu wakitembea sambamba kama gwaride. Aliye mbele ndiye anayeweka kasi. Anayebaki nyuma anamsikia nyapara. Nyapara huyo mara nyingi alikuwa mtumwa mwenyewe, aliyekabidhiwa mjeledi awachape wenzake, na asipowachapa achapwe yeye.

Woga wa mizani

Sasa giza limeingia. Umechoka hoi. Ungedhani mtu angefurahi kwamba siku imekwisha. Kumbe hapo ndipo woga ulipoanza.

Watu walibeba vikapu vyao hadi kwenye nyumba ya kuchambulia pamba ili zipimwe. Northup anasema kwamba hata mtu awe amechoka na kutamani usingizi kiasi gani, hakukaribia mizani bila hofu. Uzito ukipungua, ni mjeledi. Sawa, tuseme umezidisha kwa ratili 10 au 20. Utapongezwa? Thubutu! Asante ya punda ni mateke. Ukizidisha leo, kipimo chako cha kesho kinaongezwa. Kwa hivyo ukipungukiwa unaumia, na ukizidisha unajichimbia shimo la kesho.

Mgeni akifika shambani alichapwa vizuri siku ya kwanza na kulazimishwa kuchuma kwa kasi yake yote. Jioni pamba yake ikapimwa, na uzito huo ukawa deni lake la kila siku kuanzia hapo. Northup mwenyewe hakuwa na mkono wa pamba. Siku yake ya kwanza alifikisha ratili 95, chini ya nusu ya iliyotakiwa.

Hata viboko vilikuwa na bei yake, kama orodha ya dukani. Viboko 25 vilihesabiwa kuwa kitu kidogo tu: jani kavu limeonekana kwenye pamba yako, au umevunja tawi shambani. Makosa ya ngazi iliyofuata yalikuwa ya viboko 50. Viboko 100 vilikuwa vya kosa lililoitwa zito: kusimama tu shambani bila kufanya kazi.

Baada ya mizani, bado. Kuna aliyelisha nyumbu wa kulimia, kuna aliyelisha nguruwe, kuna aliyepasua kuni. Ndipo mtu akarudi kibandani, akawasha moto, akasaga mahindi yake, akapika chakula cha usiku na cha kesho mchana. Anapolala, saa sita za usiku zimefika. Na anaingia usingizini akiogopa kupitiliza, maana honi haingoji.

Unga, nyama na ubao wa kulalia

Chakula kiligawiwa mara moja kwa wiki. Katika shamba la Edwin Epps, bwana wa Northup, kila mtu mzima alipata ratili tatu na nusu za nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, kama kilo moja na nusu, pamoja na mahindi ya kutosha kutoa kilo tano au sita hivi za unga. Basi. Hakuna chai, hakuna kahawa, hakuna sukari. Chumvi yenyewe ilikuwa ya kubahatisha.

Ndiyo, unga wa mahindi, kama huu wetu wa ugali. Waliukanda kwa maji na kuuoka kwenye jivu la moto au juu ya bapa la jembe. Tofauti ni kwamba wewe ugali una sukuma wiki pembeni, na ukishiba unalala. Wao walikula hivyo siku nenda siku rudi, halafu wakachoma nguvu zote shambani. Nyama ya joto la Louisiana nayo haikukawia kuingia funza.

Kibanda cha Northup kilikuwa cha magogo, bila sakafu wala dirisha. Nyufa za ukuta ziliruhusu mwangaza, lakini pia mvua na baridi. Kitanda chake? Ubao wenye upana wa inchi 12 na urefu wa futi 10. Mto wa kichwani ulikuwa kipande cha gogo, na blanketi moja la kukwaruza ndilo lililokuwa shuka na godoro. Upana huo ni wa rula yako ya shule. Upime, ujaribu kugeuka.

Nguo katika mashamba mengi ziligawiwa mara mbili kwa mwaka, za majira ya joto na za majira ya baridi, na viatu vigumu jozi moja. Watoto wadogo walivaa kanzu moja ndefu ya kitambaa kikavu na kutembea pekupeku. Kitambaa hicho cha watumwa kilikuwa na soko lake maalum, na viwanda vya kaskazini mwa Marekani, hasa jimbo la Rhode Island, vilitajirika kwa kukitengeneza. Yaani anayechuma pamba nyeupe kama theluji alirudishiwa kitambaa kibovu kuliko vyote kilichotoka kwayo.

Robo mkono, nusu mkono

Mabwana hawakuwaita wafanyakazi wao watu. Waliwaita "mikono". Mwanamume au mwanamke mwenye nguvu alikuwa mkono mzima. Mzee, mjamzito au kijana aliyebalehe juzi alikuwa nusu mkono. Mtoto aliyeanza kazi alikuwa robo mkono.

Mtoto mdogo alianza kwa kufukuza ndege, kuokota takataka na kuwapelekea wachumaji maji. Akifikisha miaka 10 au 12, umri wa mtoto wa shule ya msingi kwetu, alikuwa na mstari wake shambani na uzito wake kwenye mizani.

Wanawake walifanya kazi ya shambani sawa na wanaume, na mimba haikuwaondolea jembe hadi siku zilipokaribia kabisa. Wiki chache baada ya kujifungua walirudi shambani. Mtoto aliachwa na bibi kizee asiyeweza tena kuchuma, au alilazwa kivulini mwishoni mwa mstari, na mama akanyonyesha kwa ruhusa. Matokeo yake unaweza kuyakisia. Karibu nusu ya watoto waliozaliwa utumwani walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, kiwango ambacho wanahistoria wanasema kilikuwa kama mara mbili ya kile cha watoto weupe.

Waliopona nao hawakuwa wa wazazi wao. Sheria haikutambua ndoa ya watumwa. Bwana akiwa na deni, aliweza kumuuza baba Jumatatu na mtoto Jumanne. Karibu 1860, kijana mwenye nguvu aliuzwa New Orleans kwa zaidi ya dola 1,500. Familia ilikuwa akiba ya mtu mwingine.

Kipande cha sabuni

Turudi kwa Patsey. Northup anamweleza kama msichana wa miaka 23, mwembamba, mwenye miguu myepesi na mcheshi kwa asili. Katika kuchuma pamba hakuwa na mpinzani. Mikono yake yote miwili ilikwenda kwa kasi ambayo wengine hawakuiweza, na alifikisha ratili 500 kwa siku. Hayo ni magunia mawili na nusu ya mahindi, ukitumia gunia letu la mwanzo.

Kama mizani ingekuwa ya haki, Patsey angekuwa malkia wa shamba lile. Badala yake ndiye aliyeteseka kuliko wote. Epps alimwingilia kwa nguvu. Mkewe Epps, badala ya kumlaumu mume, alimchukia Patsey na kutaka achapwe kila kukicha. Msichana akabaki katikati ya moto wa mume na moto wa mke, wala hakuwa na pa kukimbilia.

Siku moja ya Jumapili, Patsey alikwenda shamba jirani. Epps akarudi akamkosa, akapandwa na wivu. Aliporudi, Patsey alitoa kitu kutoka mfukoni: kipande cha sabuni. Mama mwenye nyumba alikuwa amemnyima sabuni waliyopewa wenzake, na yeye alitaka tu kufua na kuoga. Maelezo hayo hayakumsaidia. Alivuliwa nguo, akafungwa kwenye vigingi vinne, na Northup akalazimishwa kumchapa. Alipofikisha viboko vingi akakataa kuendelea, Epps mwenyewe akachukua mjeledi.

Mtu aliyechuma kilo zaidi ya 200 za pamba kwa siku alikaribia kufa kwa sababu ya kipande cha sabuni. Ukitaka kujua utumwa ulikuwa nini, usitazame minyororo pekee. Tazama sabuni hiyo.

Daftari la bwana

Kuna jambo moja ambalo vijana wengi hulikosea. Tunadhani utumwa wa pamba ulikuwa ukatili wa watu wajinga wenye hasira. Hasira ilikuwepo, ndiyo. Lakini mfumo wenyewe uliendeshwa kwa kalamu.

Kuanzia miaka ya 1840, mtu aitwaye Thomas Affleck wa Mississippi alichapisha na kuuza madaftari maalum ya mashamba ya pamba. Yalikuwa na kurasa za kujaza pamba iliyochumwa na kila mtumwa kila siku, jina kwa jina. Yalikuwa na ukurasa wa vifaa, na ukurasa wa kuandika thamani ya kila mtumwa mwanzoni na mwishoni mwa mwaka, kama vile leo kampuni inavyohesabu thamani ya magari yake. Mtoto akizaliwa, hesabu inapanda. Mzee akidhoofika, hesabu inashuka.

Na hesabu zilikuwa kubwa. Kufikia 1860 pamba ilileta zaidi ya nusu ya mapato yote ya bidhaa ambazo Marekani iliuza nje. Thamani ya watumwa wenyewe, kwa bei za soko, ilizidi dola bilioni 3, zaidi ya reli na viwanda vyote vya nchi vikijumlishwa.

Katika miaka 60 ya kwanza ya karne hiyo, kiasi ambacho mchumaji mmoja alichuma kwa siku kiliongezeka takriban mara nne. Kwa nini? Hapa wanahistoria wanabishana hadi leo. Edward Baptist anasema sababu kuu ni mateso: kipimo kilipandishwa, na mjeledi ukakifuata. Wachumi Alan Olmstead na Paul Rhode wanasema la, sababu kuu ni mbegu mpya, hasa zilizotokana na pamba ya Mexico, ambazo matumba yake yalikuwa makubwa na rahisi kuchuma. Lakini hata ukikubali hoja ya mbegu, bado swali linabaki: mbegu ilipofanya kazi iwe rahisi, nani alifaidika? Aliyechuma hakulala mapema. Kipimo chake ndicho kilichopanda.

Walichokuwa nacho wao wenyewe

Usidhani basi kwamba watu hawa walikaa tu wakingoja kuokolewa. Ndani ya saa chache walizobaki nazo, walijenga maisha.

Mashamba mengi yaliruhusu kibustani kidogo. Usiku na Jumapili watu walipanda bamia, kunde, viazi na tikiti maji. Bamia na kunde hizo asili yake ni huku Afrika. Waliwinda, walivua, walifuga kuku wachache. Kwa vitambaa chakavu walishona mablanketi ya viraka. Ala ya banjo unayoisikia kwenye muziki wa Wamarekani leo ilitokana na ala walizokuja nazo kutoka Afrika Magharibi.

Baba aliyekuwa shamba jingine alitembea maili nyingi Jumamosi usiku kwenda kuona watoto, akiwa na kibali mkononi. Akikutwa na askari wa doria bila kibali, alichapwa njiani.

Baada ya uasi wa Nat Turner huko Virginia mwaka wa 1831, majimbo kadhaa yalikaza sheria za kuzuia watumwa kufundishwa kusoma. Hata hivyo wapo waliojifunza kwa siri. Ibada nazo zilifanywa kichakani usiku, na wengi walikumbuka baadaye jinsi walivyofudikiza chungu karibu ili, kwa imani yao, kinase sauti zisimfikie bwana.

Shambani kwenyewe kulikuwa na upinzani wa kimya kimya. Jembe likavunjika "kwa bahati mbaya". Mtu akaugua siku ya kazi nzito. Wengine walificha vitu vizito chini ya pamba ili mizani itosheke. Wengine walikimbilia vinamasi vya karibu kwa siku kadhaa, wakijua mbwa watatumwa. Si kila ukombozi unaanza na bunduki.

Kisha ikaitwa merikani

Huenda unajiuliza: haya yote ya Louisiana yananihusu nini mimi wa Kisauni, Kitale au Kayole?

Fungua kamusi ya Kiswahili utafute neno "merikani", au "amerikani". Utakuta ni kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Jina hilo halikutoka hewani. Mwaka wa 1833 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka wa 1837 Marekani ikaweka konseli wake Unguja. Meli kutoka Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa hicho kwa marobota na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu.

Massachusetts ilikuwa imeachana na utumwa tangu miaka ya 1780. Lakini pamba iliyosokotwa katika viwanda vyake ilitoka wapi? Kusini. Ilitoka kwenye vikapu vile vile vya mizani ya jioni.

Merikani ikawa kama pesa. Misafara iliyotoka Pwani kwenda bara ilibeba mizigo ya kitambaa hiki kununulia chakula, pembe za ndovu na, ndiyo, watu. Ikipakwa rangi ya nili iliingia katika kaniki, vazi la buluu iliyoiva ambalo wanawake watumwa wa Pwani walilivaa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka wa 1861 na pamba ikaadimika, merikani nayo ikaadimika Zanzibar, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake.

Unaona mzunguko huo? Mtu aliyenyimwa nguo nzuri Mississippi alichuma pamba iliyomnunua mtu mwingine karibu na maziwa makuu ya Afrika, kisha ikamvika akilima mtama katika mashamba ya Malindi. Utumwa katika Pwani yetu haukufutwa kisheria hadi 1907. Hatuwezi kuisoma habari hii tukiwa watazamaji wa mbali. Uzi wake umepita hapa.

Uhuru bila shamba

Desemba 1865, vita vikiwa vimekwisha, Marekani iliingiza katika katiba yake marekebisho ya 13 yaliyopiga marufuku utumwa. Watu milioni 4 wakawa huru. Wengi walianza kwa kutembea, mji hadi mji, wakiwatafuta wake, waume na watoto waliouzwa miaka mingi nyuma.

Lakini hawakupewa ardhi. Wengi walirudi kulima pamba ile ile kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Mbegu wakakopa, chakula wakakopa, na mwisho wa mwaka daftari, ambalo bado lilikuwa mkononi mwa mwenye shamba, likasema bado wanadaiwa. Mjeledi ulipungua, deni likachukua zamu.

Kati ya 1936 na 1938 serikali ya Marekani iliwatuma waandishi kuwahoji wazee waliowahi kuwa watumwa. Zaidi ya 2,300 walizungumza, wengi wakiwa na umri wa miaka 80 na zaidi. Walikumbuka honi. Walikumbuka ladha ya unga. Walikumbuka nani aliuzwa na siku gani.

Kitabu cha Northup, kilichotoka mwaka wa 1853, mwaka ule ule aliporudi nyumbani, kinapatikana mtandaoni bila malipo, na mahojiano ya wazee hao pia. Ukimaliza bando la wiki hii kwa TikTok, bakisha kidogo ukasome hata sura moja. Anza na ile ya shamba la pamba.

Na utakapoisoma, angalia kitu kimoja. Madaftari ya mabwana yaliandika majina ili yapate pa kuwekea uzito: huyu ratili 180, huyu 210. Northup alikaa miaka 12 bila ruhusa ya kumiliki hata karatasi, lakini alirudi nyumbani na majina ya wenzake wote kichwani, pamoja na nani alikuwa mchekeshaji, nani aliimba na nani alimlilia mwanawe. Patsey tunamjua kwa sababu hiyo. Bila yeye angebaki ratili 500 tu.